Chupa Yenye Kuchakaa Njo ya Kweli

Karibu kila juma kuna mwenzetu anatupia picha ya chupa za zamani: Primus, Vital'O, Coca-Cola ya kioo. Zimeoshwa, zimepangwa juu ya kitambaa, mwangaza mzuri kabisa. Chini yake tunaandika "enzi zile!", tunaweka roho nyekundu, tunapita. Mimi pia nimeandika. Lakini ile namna ya kuangalia chupa tumeiazima kwa watu ambao hawakuishi nazo sawa vile siye tuliishi nazo.

Mkusanyaji wa Ulaya ao Marekani anatafuta chupa isiyo na mukwaruzo hata moja. Ikiwa safi, bei inapanda. Ikichakaa, anaiweka pembeni. Kwetu, chupa safi ni chupa ambayo haijafanya kazi. Kamata chupa yoyote ya sukre, uigeuze kidogo kwenye mwanga. Pale tumbo linapotokeza utaona pete nyeupe ya mikwaruzo. Kiwandani chupa zinapita kwa mustari, zinagusana bega kwa bega. Zinaoshwa, zinajazwa, zinafunikwa, zinaingia ndani ya kazie, zinapanda gari, zinatikisika njia yote, kisha zinarudi kuanza tena. Kila safari inaongeza kidogo kwenye ile pete. Picha zetu zinaificha, mwangaza unatupwa juu ya jina tu.

Na jina lenyewe tunalisoma nusu. Bralima ilizaliwa mwaka 1923 kule Léopoldville, Kinshasa ya leo, kama Brasserie de Léopoldville. Chupa ya kwanza ya Primus ilitoka mwisho wa 1926. Kila mutu anajua "bra" ni pombe. "Li" je? Ni limonaderie. Sukre iko ndani ya jina la kampuni, lakini tukielezea historia yake tunaongea pombe peke yake. Miaka ya 1950 kampuni ilisogea mashariki, Bukavu na Kisangani, na mwaka 1957 ikajenga Gisenyi, ng'ambo ya mupaka, kiwanda ambacho njo Bralirwa.

Siye wa Bunia tulikuwa mwisho wa barabara. Chupa ya Kisangani inatembea karibu kilomita 700: Bafwasende, Nia-Nia, Mambasa, Komanda. Wenye kuijua hiyo njia wakati wa mvua, sina la kuwaongezea. Na chupa ikifika, lazima irudi tupu kwa njia ile ile, kwa sababu si yako. Umenunua kilicho ndani tu; kioo ni mali ya kiwanda. Njo maana ya lile neno la muuza butiki ambalo sote tulilisikia tukiwa watoto: "Kama hauna vidanji, kunywa hapa hapa." Tulisimama mbele ya butiki, tukamaliza haraka, mama akiangalia mukononi isije ikaanguka. Nyumba yenye kazie ya vidanji chini ya kitanda ilikuwa na akiba.

Hapo njo mkusanyaji anaponichanganya akili. Chupa ambayo leo anaiita ya kukusanywa haikutakiwa kubaki nyumbani kwa mutu. Ile iliyobaki, ilibaki kwa sababu ilipewa kazi ingine: mafuta ya mawese sokoni yanapimwa kwa chupa ya Primus, ile ya sentilita 72; karanga za kukaanga, asali, petroli ya kando ya barabara, vyote viliingia humo. Mukwaruzo, harufu ya mawese isiyotoka, hizo zote ni sehemu ya historia yake. Ukiiosha hadi ingae kwa ajili ya picha, umefuta kurasa.

Nikubali kitu kimoja. Bila wakusanyaji kuna mambo tusingeyajua. Wao njo waliotunza habari ya umbo la chupa ya Coca-Cola, lililochorwa mwaka 1915 katika kiwanda cha vioo cha Root, mji wa Terre Haute, Marekani. Wachoraji walitafuta picha ya koka ao ya kola, wakaangukia picha ya tunda la kakao, ambalo halimo hata kidogo ndani ya kile kinywaji! Mutu wa Mambasa ao Irumu anayevuna kakao angewaambia mara moja. Mifereji ya ile chupa ni mifereji ya tunda lake, na sidhani kuna aliyemwambia.

Siku hizi sukre nyingi inatoka Uganda, kwa Mahagi ao kwa mitumbwi ya Ziwa Albert hadi Kasenyi, na inakuja ndani ya plastiki. Inaeleweka: kioo chenye kuvuka mupaka nani atakirudisha? Plastiki haidai kitu. Tunakunywa, tunatupa, inaziba mifereji ya mji. Hakuna atakayeiwekea kitambaa.

Lakini kinachoniuma zaidi katika zile picha ni kwamba hazina watu. Nani aliosha? Nani alisimama kwenye mustari usiku? Wafanyakazi 168 wa zamani wa Bralima Bukavu walipeleka malalamiko yao hadi Uholanzi mwaka 2015, kwa sababu wakati ule Heineken njo ilikuwa mwenye kampuni. Walisema walifukuzwa bila haki kati ya 1999 na 2003, wakati wa vita. Mapatano yalifikiwa mwaka 2017, miaka kumi na kitu baada ya kazi kupotea. Hiyo nayo ni historia ya chupa, na sijaona mutu akiitupia kwenye ukurasa wowote.

Mwezi wa pili 2025 kiwanda hicho cha Bukavu kiliporwa, watu wakabeba kazie kichwani. Mwezi wa sita Heineken ikatangaza kwamba imeondoa wafanyakazi wake wote Goma na Bukavu, kwa kuwa wenye silaha wamekamata majengo. Kwa hiyo zile chupa zenye kulala chini ya vitanda vya watu kule Kivu hazina tena pa kurudi. Mwenye nazo asizioshe sana. Na kama kuna mzee jirani aliyefanya kazi pale, apigwe picha naye, akiwa ameishika.