Adabu ya Kukataa

Msambweni, katika kaunti ya Kwale pwani ya Kenya, imezoea kuulizwa maswali. Miaka ya 1980 watafiti wa kichocho walikuwa tayari wanapita Milalani na Nganja, na mwaka 2015 ulipoanza utafiti wa minyoo ulioitwa TUMIKIA, jamii za Kwale ziligawanywa makundi 120. Zamani mhoji alibeba rundo la karatasi. Siku hizi hukaa mkekani na simu mkononi, akisoma swali baada ya swali kwa Kiswahili au Chidigo. Ninayetaka kumsifu hayupo mkekani. Ni programu ndogo iitwayo pyxform, ambayo wengi wanaoitegemea hata jina lake hawalijui.

Kazi yake ni ya kompaila. Msimamizi wa utafiti huandika fomu kwenye lahajedwali: kila swali na mstari wake, aina ya jibu safu yake, sharti safu yake, Kiswahili safu yake na Chidigo kando. Mtindo huo ulibuniwa na Andrew Marder na Alex Dorey wa Chuo Kikuu cha Columbia. Simu haisomi lahajedwali. Inasoma fomu za XForms, lugha iliyoidhinishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwaka 2003, imejaa mabano hadi macho yanauma. Pyxform, iliyoandikwa kwa Python, hupokea ya kwanza na kutoa ya pili.

Kutafsiri peke yake kusingenishikisha kalamu. Ustadi wake umo katika kukataa. Tuseme swali la mimba linategemea jibu la swali la jinsia, na mwandishi amekosea herufi moja katika jina la swali hilo. Programu legevu ingelipuuza sharti, na kesho yake mzee wa Vanga angeulizwa ana mimba ya miezi mingapi. Mzee mpole atacheka. Mkali atakurudisha barabarani, na kijiji kizima kitakuwa na habari kabla ya adhuhuri. Pyxform husimama palepale, hulitaja jina isilolipata, na fomu haitoki.

Haitosheki na hilo. Huiita ODK Validate, programu ya Java inayoipakia fomu kwa maktaba ya JavaRosa, maktaba ileile inayofanya kazi ndani ya ODK Collect, programu ya kujazia fomu kwenye simu ya mhoji. Fomu basi hupimwa na akili ileile itakayoiendesha kule Lunga Lunga. Maswali mawili yakisubiriana, hili lisitokee hadi lile lijibiwe na lile vivyo hivyo, mzunguko hugunduliwa mezani. Ndivyo fundi wa jahazi anavyogonga kalafati chombo kikiwa bado mchangani.

Tangu Grace Hopper aandike A-0, kompaila ya mwanzo, mwaka 1952, kompaila nyingi zimesifiwa kwa mbio. Mimi huanza kusoma ujumbe wa kosa, maana ndipo mtunzi wa chombo anapozungumza na mtumiaji ana kwa ana, tena mtumiaji akiwa amekasirika. Kujua lipi la kuzuia na lipi la kuonya tu ni sehemu ya adabu ya kukataa. Safu ya Chidigo ikikosa msimbo wake wa lugha, dig, pyxform huonya kisha huiachia fomu ipite. Sawa kabisa: mkutano wa asubuhi hauahirishwi kwa herufi tatu.

Kwa kuwa ni programu huria, ujumbe uliomchanganya karani wa Kwale unaweza kuandikwa upya na mtu asiyewahi kuiona Kwale. Kosa likisharekebishwa, kifomu kidogo chenye kosa hilohilo huwekwa miongoni mwa majaribio, na kila toleo jipya hupitishwa hapo kabla ya kutolewa. Mimi hupenda kuyasoma majaribio hayo kuliko msimbo wenyewe. Ni kumbukumbu ya watu wengi waliokwama, bila jina la hata mmoja wao.

Swali la kipuuzi lililoandikwa vizuri, hata hivyo, litapita. Muulize mchokoa pweza wa Gazi mapato yake ya mwezi, weka sharti kwamba jibu liwe namba isiyopungua sifuri, na pyxform haitakuwa na neno. Mapato yake hufuata bamvua na maji mafu. Hilo msimamizi atalijua akienda Gazi maji yakiwa yametoka, akaketi na wachokoaji, kabla hajafungua lahajedwali.