"Sukre ni ya bure": neno juu ya afishi za meni ya batoto

Bandugu, leo tusome afishi moja vile tulikuwa tunasoma udongo pale fakulte. Iko mbele ya snaki moja hapa Kolwezi (jina nalificha, zinafanana zote): kuku, friti, chupa ya sukre inayotoa jasho la baridi, na mtoto wa yunifomu buluu na nyeupe anacheka. Chini wameandika kwamba sukre ni ya bure.

Imetengenezwa vizuri, na njo shida yake. Mzazi anauziwa heshima pale, kinywaji kinafuata tu. Baba aliyechimba wiki nzima akipata franka, anataka mtoto wake naye aonekane kama mtoto wa boss. Simlaumu hata kidogo. Lile neno "bure" ndilo linanisumbua. Mtoto aliomba kuku. Sukre imemfuata yenyewe, na maji hayako kwenye picha hata tone.

Tufanye hesabu. Coca-Cola ya sentilita 33 iko na gramu 35 hivi za sukari. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa ibaki chini ya asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku. Kwa mtoto anayehitaji kilokalori 1,400, hiyo ni gramu 35. Chupa moja tu, siku imekwisha, na chai ya asubuhi bado hatujaihesabu.

Kuna wanaosema: "Unene ni shida ya Wazungu." Haya, tuache unene. Uchunguzi wa kitaifa wa 2013-2014 ulikuta asilimia 43 ya watoto wa chini ya miaka 5 katika Kongo yetu wamedumaa. Mtoto kama huyo tumbo lake ni dogo, hana nafasi ya kupoteza. Sukre inamshibisha saa moja, maharage yanabaki mu sahani. Tena meno! Yakioza, nani kati yetu yuko na pesa ya daktari wa meno?

Wenzetu wamesogea. McDonald's kule Marekani iliahidi mwaka 2013 kuondoa soda kwenye meni ya watoto. Chile, tangu 2016, imekataza vikaragosi kwenye paketi za vyakula vyenye sukari nyingi. Afrika Kusini, ambako malori yetu yanapeleka shaba, inatoza kodi ya vinywaji vya sukari tangu Aprili 2018.

Na sisi tuko na munkoyo. Uji wa mahindi, mizizi inavunja wanga, utamu unatoka wenyewe. Si dawa, najua: ukikaa siku nyingi unakuwa pombe, na maji yakiwa machafu unamletea mtoto kuhara. Lakini kuuchemsha, kuuchachua kwa saa zinazojulikana, kuutia mu chupa safi, hiyo ni kazi tuliyosomea. Nani kati yetu ameshajaribu kuuza hata lita 20 kwa snaki moja? Aandike hapa chini, aseme bei na ilivyokwenda.