“Usugu wa Dawa”: Sugu ni Nani?

Istilahi tunayoihakiki hapa, “usugu wa dawa”, imeenea mno katika maandishi ya afya. Kisarufi yasema kuwa dawa ndiyo sugu, kama vile “ukali wa simba” usemavyo kuwa simba ndiye mkali. Kumbe walio sugu ni bakteria.

Wapo watakaodai kuwa muktadha unatosha. Hatukubaliani nao. Neno “sugu” lina kazi nyingine ya zamani: donda sugu, mhalifu sugu, malaria sugu. Mgonjwa akiambiwa ana “kisonono sugu” atadhani kuwa amekaa nacho siku nyingi, au kwamba mwili wake umeizoea dawa. Lakini bakteria wa kisonono ndio walioishinda penisilini, kisha tetrasiklini, kisha siprofloksasini, nao huhama kutoka mtu hadi mtu pamoja na nguvu hiyo. Mke ambaye hajapata kumeza hata kidonge kimoja aweza kuambukizwa bakteria waliokwisha kuwa sugu. Istilahi iuwekayo usugu mwilini humficha jambo hilo.

Tutazame Handeni na Korogwe. Mwaka 2018 na 2019 wajawazito wa huko walishiriki katika jaribio la tiba lililofanywa pia Kenya na Malawi, jumla yao wanawake 4,680. Kundi mojawapo lilipewa, juu ya dawa ya kukinga malaria, azithromaisini, ambayo huua baadhi ya bakteria wa magonjwa ya zinaa. (Matokeo ya mwaka 2023 hayakuonyesha faida ya nyongeza hiyo.) Afasiriye maelezo ya kazi ya namna hii hukutana na vimelea vya malaria na bakteria wa zinaa katika ukurasa mmoja, na kila kimoja kina dawa kilizozishinda. “Usugu wa dawa” hautamsaidia kuvitenganisha.

“Usugu wa vimelea dhidi ya dawa”, yaani UVIDA, ni bora, maana “dhidi ya” huonyesha nani anashindana na nani. Ila ni refu, na kifupisho chake hakimwambii kitu mama aliyeko kliniki. Kwa maelezo ya mdomo twapendekeza usemi ambao wananchi wanao tayari: ugonjwa “hausikii dawa”. Tuseme basi “bakteria wasiosikia dawa”, na dawa itajwe kwa jina. Kwa mfano, bakteria wengi wa kaswende duniani hawaisikii tena azithromaisini. Penisilini wangali wanaisikia.