Wapima Maji ya Chini ya Unguja

Maji ya kunywa ya Unguja karibu yote hutoka ardhini: visimani, na katika chemchemi kama za Mtoni na Bububu. Kwenye miamba ya matumbawe, maji matamu huelea juu ya maji ya chumvi. Kisima kikivutwa kupita kiasi, chumvi hupanda.

Ndiyo maana ramani ya maji ya chini huanzia kisimani. Mpimaji hushusha utepe unaolia ukigusa maji, huandika kina, hupima chumvi, kisha husoma mahali alipo kwenye kifaa cha GPS. Tarakimu moja ikikosewa, kisima cha kijiji cha Kizimkazi huangukia baharini kwenye ramani.

Mwaka 2016 ulianza mradi wa kuipiga picha Zanzibar kwa ndege zisizo na rubani, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walishiriki kuzirusha. Kwenye kompyuta, picha za aina hiyo hupangwa kwenye ramani, tabaka kwa tabaka, pamoja na miinuko, visima na makaro. Hapo huonekana mabonde yatakayofurika wakati wa masika, na visima vilivyo karibu mno na maji machafu.

Anayefungua mfereji Mji Mkongwe haioni ramani hiyo. Huona maji tu.