Jiwe Hutafutiwa Mahali Pake

Anayeingia boma la Kochieng, kule Thimlich Ohinga katika Kaunti ya Migori, hana budi kuinama. Mlango ulifanywa mfupi makusudi, kwa maana mvamizi aliyekunja mgongo ni rahisi kumzuia. Ukishapita, sogea hadi ukutani, uangalie jiwe lilivyolala juu ya jiwe.

Hakuna saruji wala udongo wa kuyagandisha mawe. Hakuna msingi uliochimbwa. Mawe yenyewe hayakuchongwa. Yaliokotwa yalivyo, haya bapa, yale yenye pembe, mengine mviringo kama viazi. Lakini ukuta huu umesimama kwa takriban miaka 500, na penye kimo kirefu unapita mita 4. Waashi walipanga uso wa nje na uso wa ndani, wakashindilia mawe madogo katikati, na ukuta ulipohitaji nguvu zaidi wakauongezea viegemeo vya mawe hayo hayo.

Mwashi asiyelichonga jiwe ana kazi ya kulitafutia mahali. Hulishika, huligeuza, hulijaribu. Likicheza, hulitoa na kulilaza kwa ubavu mwingine. Likikataa tena, huliweka kando, kwa kuwa pengo lake bado halijajengwa.

Hapo ndipo ninapozikumbuka methali mbili ambazo tangu utotoni niliziona zikigombana. Moja yasema subira yavuta heri. Nyingine, ngojangoja huumiza matumbo. Mbele ya ukuta huu sioni ugomvi tena. Mwashi angekaa tu akiyatazama mawe yake, yangebaki lundo. Angeyabandika mbiombio, yangeporomoka kabla mifugo haijalala ndani. Alijua mahali pa jiwe kwa kulijaribu, na subira yake ilikuwa mikononi: kukubali kulitoa jiwe alilokwisha kuliinua kwa jasho.

Nami nimewahi kungoja mambo ya maisha yajieleze yenyewe, yasijieleze. Nimewahi pia kuyalazimisha yakae nilipotaka, yakaniangukia. Naamini sasa kwamba mwanga huja jiwe kwa jiwe: kila moja likikaa sawasawa, linaonyesha umbo la lile linalofuata.

Kuta za namna hii zimetapakaa katika nchi ya Migori na Homa Bay, nyingi zikiwa zimebomoka. Thimlich imedumu kuliko nyingi kwa sababu jamii zilizoingia kwa zamu, kizazi baada ya kizazi, ziliinua mawe yaliyoanguka na kuyarudisha kwa ufundi ule ule. Mwaka 2018 UNESCO iliiorodhesha kuwa Urithi wa Dunia. Heshima hiyo inawafaa pia warekebishaji wale tusiowajua majina. Walikuta pengo na jiwe chini, wakaliokota, wakaligeuza tena na tena, hadi likatulia.