Maji Yanapochemka Tabora

Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Mgandamizo wa hewa huko ni kama kilopaskali 88, na maji huchemka kwenye nyuzi 96 za Selsiasi. Wapelelezi wa Kizungu walioifuata njia ya misafara kutoka Bagamoyo walipima miinuko kwa kuchemsha maji: kiwango cha kuchemka kikishuka nyuzi moja, msafiri amepanda takriban mita 300. Mwaka 1858 John Hanning Speke alipata futi 1,844, yaani mita 562, kwa Ziwa Tanganyika, ambalo kwa kweli liko mita 770 hivi. Kosa lote hilo ni sawa na tofauti isiyofika nyuzi moja.

Tatizo hilo la kupima joto lipo hata leo: maabara ya kemia ya kifizikia yenye fedha kidogo hukimbilia vifaa vya kidijitali. Si vibaya, kwani kihisi joto cha DS18B20 ni cha bei ndogo na husoma kwa usahihi wa nusu nyuzi. Hata hivyo lazima kihakikiwe, kwanza katika barafu inayoyeyuka, kisha katika maji yanayochemka. Anayekirekebisha kisome 100 katika hatua ya pili, kwa kuwa ndivyo kitabu kinavyosema, amekiharibu kwa nyuzi nne.

Jaribio la kuanzia la mgandamizo wa mvuke wa maji halihitaji pampu. Silinda ya kupimia ya mililita 10 yenye maji hupinduliwa ndani ya bika kubwa la maji, ikabaki na mililita nne au tano za hewa. Bika hupashwa moto hadi nyuzi 75, kisha ujazo wa hewa husomwa kadiri linavyopoa, na barafu hulishusha hadi karibu nyuzi 5, ambapo mvuke ni mdogo kiasi cha kupuuzwa. Ujazo huo wa mwisho huonyesha kiasi cha hewa kavu. Ujazo unaozidi hapo, joto likishahesabiwa, ni mvuke, na mgandamizo wake ni sehemu hiyohiyo ya mgandamizo wa hewa. Logi asilia ya mgandamizo wa mvuke ikichorwa dhidi ya 1/T (T ni halijoto kwa kelvini), mwinamo wa mstari hutoa joto la uvukizi, kilojuli 43 hivi kwa moli.

Mwanafunzi wa Tabora akitumia kilopaskali 101 za pwani, mwinamo haubadiliki hata kidogo. Jibu la mwisho hutoka zuri, ilhali kila mgandamizo wa mvuke alioandika umezidi kwa asilimia 15, na mwalimu anayesahihisha jibu hilo tu hatagundua. Takwimu za utabiri wa hali ya hewa nazo hazisaidii, kwa kuwa kwa kawaida zimeshabadilishwa kulingana na usawa wa bahari. Barometa, au simu yenye kihisi cha mgandamizo, ndiyo inunuliwe kwanza, kompyuta isubiri.