Ng'ombe Hazeeki Maini: Mapenzi ya Watu Wazima katika Riwaya ya Upelelezi

Huko Marekani kuna utanzu mdogo wa riwaya unaopendwa sana, nao ni ule unaohusu Waamish, yaani Wakristo wa vijijini Pennsylvania, Ohio na Indiana ambao husafiri kwa magari ya farasi. Beverly Lewis aliupa nguvu kwa The Shunning mwaka 1997. Baadhi ya riwaya hizo huchanganya mambo matatu: uhalifu unaofumbuliwa, imani, na mapenzi ya watu waliokwisha kulea na kuzika. Vannetta Chapman, kwa mfano, amemchora mjane wa Kiamish mwenye nyumba ya wageni huko Texas, anayesaka wauaji pamoja na jirani yake, mpelelezi mstaafu. Hatuzitaji kwa ubora wake (nyingi zinafanana kama vitumbua vya kikaango kimoja), bali kwa sababu mhusika wa namna hiyo hatujamkuta katika riwaya za Kiswahili tunazosomesha.

Siri na imani tunavyo. Katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960) cha Muhammed Said Abdulla, maiti inapatikana penye mzimu, watu wanaona kazi ya pepo, na Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, anauona mkono wa binadamu. Kwa maoni yetu Abdulla hakuidhihaki dini. Alichokipiga vita ni ushirikina unaompa muuaji mahali pa kujificha.

Tatizo liko kwenye mapenzi. Mzee anapopenda katika riwaya zetu huwa ni Mwinyi wa Kiu (1972) ya Mohamed Suleiman Mohamed, tajiri anayemtaka Bahati, au Bwana Raza wa Vuta n'kuvute (1999) ya Adam Shafi, aliyeozwa Yasmin akiwa bado kigoli. Waandishi hawa walikuwa na haki ya kuwasuta wanaume hao. Lakini msomaji anabaki na picha moja tu: mapenzi ya uzeeni ni tamaa, na mwenye tamaa ni mwanamume mwenye fedha. Mwanamke wa umri huohuo anaitwa bikizee au ajuza, kazi yake kupeleka barua za wengine.

Wengine watasema dini ndiyo inayozuia. Sivyo. Katika Uislamu mjane hukaa eda ya miezi 4 na siku 10, kisha yu huru kuolewa. Kanisani nako kiapo cha ndoa kina mwisho wake, nao ni kifo. Anayecheka ni jirani barazani, na waandishi wamekubali kucheka naye.

Kwetu Rubavu jambo hili si la nadharia. Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yaliacha wajane wengi sana nchini, na mwaka 1995 baadhi yao waliunda chama chao, AVEGA-Agahozo. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, na wanafunzi wetu wanaokota msamiati wa maisha kutoka katika vitabu tunavyowapa. Humo neno ‘mjane’ huja na machozi au ugomvi wa mirathi. Mwanafunzi ambaye bibi yake amepata mwenzi akiwa na miaka 60 atalisimulia hilo kwa maneno gani, kama si ya kejeli? Methali tunayo, iliyo kichwa cha makala haya, lakini nayo mara nyingi hutamkwa kwa kukonyeza jicho.

Hata kifani tunapoteza. Kijana akipenda ndani ya hadithi ya upelelezi, penzi lake huwa pambo tu. Mtu mzima akipenda, penzi lenyewe ni ushahidi: mume wa kwanza alikufaje, shamba liliandikwa jina la nani, kwa nini watoto hawaji tena siku za sikukuu? Na mwenye imani ana mzigo wa ziada, kwani kuna siri aliyoitubia mbele ya Mungu bila kumwambia polisi.

Kwa hiyo tumewapa mwaka wa pili zoezi la kuandika sura moja: maiti ufukweni mwa Ziwa Kivu, mjane muuza sambaza anayevuka kwenda Goma kila asubuhi, na mgane mmoja anayejua zaidi ya anavyosema. Sharti ni kwamba neno ‘ajuza’ lisitumike, hata na mhusika mbaya.